Kaswende ya Dalila

Dalila aliachwa kwa sababu ya damu, na damu yenyewe haikujaa kijiko. Walimtoa mkononi kwenye zahanati ya kambi ya kampuni ya gesi, kule Afungi, alipokwenda kuomba kazi ya jikoni. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Nami walinitoa, ila yangu iliwapendeza, nikapewa aproni na kofia ya wavu. Yeye aliambiwa akae pembeni asubiri.

Mwaka ule kila mtu hapa Quitunda alikuwa anatafuta kazi ya kambini. Tulikuwa ndio kwanza tumehamishwa kutoka kwenye ardhi yetu kwa ajili ya gesi yao, tukapewa nyumba za matofali na mabati, zote sura moja, hata mtu na akili zake akaingia kwa jirani na kuuliza chakula kiko wapi. Minazi yetu ilibaki ndani ya seng'enge. Bahari ikawa mbali, na mashamba tuliyoahidiwa yalikuwa bado maneno. Basi mwanamke aliyezoea kuokota chaza na kupalilia muhogo alikwenda kusimama getini na kunyoosha mkono, apimwe kama anafaa kuosha masufuria ya wageni.

Nesi wa zahanati ile alikuwa kijana wa kusini, mtu wa haraka. Alimwambia Dalila arudi kesho yake na mumewe. Mume hakuwa mbali: Rachide alikuwa mlinzi wa geti lile lile, mwenye buti nyeusi alizozipenda kuliko ndugu zake. Nesi akawakalisha wote wawili, akawaambia kwamba damu ya mke ina sífilis, yaani kaswende, na kwamba ugonjwa huo mke na mume hutibiwa pamoja. Akamtoa Rachide naye damu. Ya Rachide ikawa safi. Hapo mwenye akili angejiuliza imekuwaje mke awe na kaswende na mume anayelala naye miaka yote asiwe nayo. Nesi hakujiuliza. Alimpa Rachide mkono wa pongezi.

Rachide alirudi nyumbani akitembea mbele peke yake. Dalila alipofika, nguo zake zilikuwa tayari uani, na Bi Awa, mama wa Rachide, alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti, miguu ameinyoosha kuziba njia. Bi Awa alikuwa na kisa na mkwewe tangu zamani. Dalila alikuwa ameharibu mimba mbili, zote zikiwa kubwa, na vichanga vile vilizikwa kule tulikotoka, chini ya mkorosho. Wakati wa kuhama makaburi ya wakubwa yalihamishwa. Ya vichanga hayakuwa na jiwe, na hakuna aliyeyakumbuka isipokuwa mama yao.

"Kumbe ndiyo iliyokuwa ikila wajukuu zangu," alisema Bi Awa, kwa sauti ya kutosha mtaa mzima usikie.

Jioni ile Rachide alitoa talaka moja. Mwalimu Abdurrazaque, anayefundisha watoto wetu chuo cha Kurani, aliitwa akaeleza sheria: talaka moja ina njia ya kurudi, mke akae eda katika nyumba ya mumewe, na kabla ya twahara ya tatu kuisha, yaani zile siku safi kati ya hedhi na hedhi, mume akitaka amrejee kwa neno tu. Alikumbusha pia kwamba kumsingizia mwanamke zina bila mashahidi ni dhambi kubwa. Alilikumbusha hilo taratibu sana, sahani ya wali ikiwa mbele yake, na hakuna aliyelisikia. Bi Awa akasema eda itakaliwa, ila jikoni. Jikoni kwetu ni kibanda cha uani. Akampa mkeka, akampa kikombe kimoja na sahani moja, na kikombe kile akakitoboa mpini kwa msumari ili mtu mwingine asikosee akakinywea.

Sasa lazima nimtaje Atija. Kwetu msichana akivunja ungo hupewa somo, mwanamke wa kumfunda unyagoni, na somo yule hamwachi mwali wake mpaka kaburini. Siku ya harusi ndiye anayesimama mlangoni. Mwali akipika vibaya, somo ndiye anayeambiwa. Mwali akitiwa doa, doa ni la somo kwanza, la mama mzazi baadaye. Atija alikuwa somo wa Dalila, na kwa kuwa mama yake Dalila alikwisha kufa, alikuwa ndiye kila kitu. Mwanamke mrefu, mwembamba, mdomo wembe. Wanaume walikuwa wakibadili njia wakimwona.

Alikuja asubuhi na mapema, hakumsalimia Bi Awa, akaingia jikoni moja kwa moja. Alitaka kusikia kwa kinywa cha mwali wake. Dalila akamwapia kwa Mungu na kwa vichanga vyake viwili kwamba hajawahi kumjua mwanamume mwingine. Atija akatoka na kututangazia sote tuliokuwa tukijifanya tunafagia kwamba kuanzia leo atakayesema neno juu ya Dalila amelisema juu yake.

Tulisema hivyo hivyo, ila kwa sauti ndogo. Ushahidi wenyewe mbona ulikuwa mwingi, kwa anayeutaka. Dalila alipenda msiro. Kila asubuhi alikuwa akisugua kijiti juu ya jiwe kwa maji, akajipaka ule urojo mweupe uso mzima, na hakuuosha mpaka usiku. Wanawake wa pwani yetu wote hupaka, ni uzuri wetu na dawa ya ngozi, lakini si kila siku inayokuja. Wazee husema zamani msiro ulikuwa wa mwali, au wa mke ambaye mumewe yuko safarini. Bi Awa alikuwa akiuliza visimani: mume yupo nyumbani, msiro wa nani? Na tena Dalila alikuwa akilikwepa jua. Akitoka mchana, kanga mbili kichwani. Akisimama, anatafuta ukuta. Sisi tulimwita Mama Kivuli, tukacheka. Baada ya kaswende tukaona kumbe anayejificha jua ana mengine anayoyaficha, na tukajiona werevu.

Mjomba wake Dalila, Ossufo, hakuwa mtu wa makelele. Kwetu mjomba ndiye msemaji wa binti, naye alikuwa na nyumba ya vyumba viwili na watu tisa ndani yake. Hakuwa na pa kumweka mpwa aliyeachika. Akaenda kwa Mwalimu Abdurrazaque, wakakaa na Bi Awa, wakatengeneza suluhu. Suluhu yenyewe ilikuwa hivi: Dalila aseme kwamba alikosea. Asiseme mbele ya watu, aseme mbele ya mavyaa wake na somo wake tu. Apelekwe hospitali ya Palma, apigwe sindano za kaswende, zimsafishe. Kabla eda haijaisha Rachide atamrejea, na habari itazikwa.

Na Rachide alikubali, msifikiri alikataa. Mwanamume yule alikuwa amekwisha kukonda. Kila siku alikuwa akizunguka mlango wa jikoni akitafuta kiberiti, na yeye sigara havuti. Hata Bi Awa alikubali. Alisema kaswende ni ugonjwa kama upele, sindano ikiingia unatoka, na mwanamke aliyetubu huwa mtiifu kuliko asiyekosea. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu, na Dalila angelala kitandani kwake.

Atija ndiye aliyesema hapana. Alisema hajamfunda malaya. Alisema mwali wake akikiri asilolitenda, basi na wasichana wote aliowafunda wakirudi kwao usiku watakuwa wanaulizwa maswali. Bi Awa akasema basi aulizwe mwenyewe. Wakamwendea jikoni wote, sisi majirani tukiwa ukutani, na Dalila akajibu akiwa ameinamia jiwe la msiro.

"Sikuzini, somo. Ulimi wangu hauwezi kusema."

Basi eda ikaendelea. Dalila akaanza kuvimba. Kwanza vidole: asubuhi hakuweza kuvikunja, akawa anasaga msiro kwa kiganja. Halafu miguu, ukibonyeza kidole linabaki shimo. Nywele zikawa zinatoka na kitana. Bi Awa aliviona vyote na kila kimoja akakiita kaswende. Siku moja Dalila alisimama bombani na ndoo yake, jua la saa sita, foleni ndefu na hakuna aliyempisha, akaanguka. Ndoo ya watu ikamwagika, na nakumbuka mwenye ndoo alilalamika kwanza kabla ya kuinama. Ossufo na Atija wakamchukua nyuma ya gari la mchanga mpaka Palma.

Hospitali ya Palma ilikuwa imejaa watu waliokimbia vita Mocímboa na vijiji vya barabarani, wamelala mpaka veranda. Kwa sababu ya watu hao mkoa ulikuwa umeleta dotora, yaani daktari, kutoka Pemba, Deolinda jina lake, Mmakonde wa Mueda, mfupi, msalaba mdogo shingoni, Kiswahili chake cha bara lakini kinaeleweka. Atija alinisimulia yaliyotokea, na Atija kwa kusimulia haongezi chumvi; chumvi yake iko kwenye matusi.

Dotora alimtazama Dalila vidole, akamtazama miguu, akauliza habari za mimba, akauliza habari za jua. Halafu akasema anataka kuuona uso, msiro uoshwe. Nesi akaleta kitambaa. Atija akamnyang'anya. Msiro wa mwali hauoshwi na mkono wa mtu baki, ni kazi ya somo. Akaanza kuosha mwenyewe, na Dalila akageuza kichwa ukutani, akawa analia kabla maji hayajamfika. Chini ya ule weupe kulikuwa na baka jekundu lenye weusi, limeshika shavu hili na shavu lile na kuvuka juu ya pua. Atija hakuwa amelijua. Miaka yote ile mwali wake alikuwa na uso ule na hakumwonyesha.

Dalila alieleza kwamba bibi yake alikuwa na uso kama huo. Watu waliuita ukoma, wakamjengea kibanda mbali, akafa humo. Yeye lilipomwanza, tangu kabla ya mimba ya kwanza, akaliziba kwa msiro na kwa kivuli, na usiku kwa giza. Alikuwa ameliziba kwa mumewe, kwa mavyaa wake na kwa somo wake. Aliogopa kibanda, na sasa alikuwa anaishi kibandani kwa sababu nyingine.

Dotora alimpima kaswende hapo hapo kwa kipimo kingine. Hapakuwa na kaswende. Akawaambia kwamba kipimo cha kambini hakimwoni mdudu mwenyewe, kinanusa tu dalili zake damuni, na uko ugonjwa mmoja ambao damu yake hukidanganya kipimo hicho. Unaitwa lúpus. Akaeleza kwa lugha ambayo hapa kwetu haihitaji tafsiri. Mwilini mwa kila mtu mna askari wa kumlinda. Wa Dalila wamegeuka. Wameacha adui, wanampiga mwenye nyumba: leo ngozi, kesho viungo, keshokutwa figo, na zile mimba mbili ni wao waliozinyima damu. Mkojo wake ulikuwa na povu, maana yake wamekwisha kufika kwenye figo.

Akatoa damu nyingine ya kupelekwa Maputo kwa ndege, kwa kuwa vipimo vyake haviko huku. Alisema kuna kitu damuni ambacho askari hao hukitumia wanapopigana, kama baruti. Ukikipima ukakuta kimepungua, ujue wanapigana kweli. Kuna na kingine, silaha zenyewe wanazozitengeneza dhidi ya mwili. Hizo zikiwa nyingi, vita vimepamba moto. Kwa vitu hivyo viwili mtu wa Maputo ambaye hajamwona Dalila atajua ugonjwa umelala au umeamka. Akampa vidonge vya kuanzia, akamkataza jua.

Atija alirudi Quitunda kama aliyeokota dhahabu. Akamwambia Bi Awa mlangoni kwake kwamba hakuna kaswende. Bi Awa akauliza nani kasema. Palma? Palma yenye feni mbovu na watu wamelala chini? Kambini wana mashine na baridi ya umeme, na mashine ilisema ndiyo. Mmoja kasema ndiyo, mwingine hapana, basi tusubiri hiyo Maputo ituamulie. Atija akasema na tusubiri.

Tulisubiri. Eda ilikuwa inakwisha, na Atija alikuwa akiihesabu kwa vidole kama mtu anayengoja mtumbwi. Dalila alikuwa jikoni na vidonge vyake. Kidogo vilimsaidia, vidole vikaanza kukunjika. Na hapo Bi Awa akafanya jambo ambalo sikulitarajia: alimpelekea chai mwenyewe, katika kikombe cha nyumbani. Akakaa naye. Akamwambia mwanawe halali, hali, na yeye amechoka kumwona vile. Aseme neno tu, hata la kunong'ona, na leo leo anarejewa. Dalila alikuwa na kila sababu ya kulisema. Lakini damu yake ilikuwa Maputo inamtetea, na mtu mwenye wakili hakiri kosa. Akashukuru kwa chai.

Dotora Deolinda alikuja Quitunda na gari la chanjo, twahara ya tatu ikiwa bado kidogo kuisha. Atija akamkamata kabla hajashuka vizuri. Watu wakaitwa uani kwa Rachide: Rachide na buti zake, Bi Awa, Mwalimu Abdurrazaque, Ossufo, na sisi majirani ambao hatukuitwa. Dalila alikaa kwenye mkeka penye kivuli cha ukuta. Uso wake aliupaka msiro.

Dotora akasema majibu ya Maputo yamekuja. Kaswende hakuna, wala haijawahi kuwepo. Mwanamke huyu hajaletewa ugonjwa na mtu yeyote. Damu yake imesema ni lúpus na kwamba umeamka. Ile baruti imepungua, zile silaha ziko juu. Kama mtu alimdhania ubaya, amtake radhi.

Atija alipiga kigelegele cha kwanza, sisi tukapokea. Mimi nina sauti kubwa, nilisikika mpaka barabarani. Mwalimu akainua mikono akaomba dua. Ossufo alikuwa anafuta macho. Rachide akasimama, akamwendea mkewe, akafungua mdomo, na kila mtu aliona kwamba lile neno la kurejea limefika kwenye meno.

"Ngoja, mwanangu," akasema Bi Awa. Kisha akamgeukia dotora, kwa adabu kabisa. "Na huu wa sasa, dotora, sindano zake ni ngapi?"

Dotora alikuwa mkweli. Watu wakweli wameua wengi. Akasema ugonjwa huu hauna sindano ya kuumaliza. Una vidonge, kila siku, maisha yote, na vingine vya figo itabidi vifuatwe Pemba. Na damu ipimwe mara kwa mara kujua vita vimepanda au vimeshuka. Kwenye barabara ya Pemba wakati ule magari yalikuwa yanachomwa, wote tulijua. Bi Awa akauliza shamba. Dotora akasema jua halimfai. Akauliza mtoto. Dotora akasema wapo wanaozaa, lakini kwa uangalizi, na si sasa, asubiri mpaka damu itulie, na hawezi kuahidi.

Bi Awa akawa anapima. Hakuwa na hasira yoyote. Niliwahi kumwona dukani akishika vitenge viwili, anatazama kipi kitadumu, na uso wake ulikuwa ule ule.

"Basi kaswende ilikuwa afadhali," akasema. "Kaswende ina sindano."

Kila mmoja wetu alikuwa amekwisha kuliwaza hilo. Rachide alikuwa bado amesimama. Alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, halafu akatazama buti zake, na akarudi polepole kukaa pale alipokuwa. Lile neno akalimeza. Ndipo Dalila aliponyanyuka kwenye mkeka. Alijishika ukuta kwa sababu ya magoti, akatoka kivulini mpaka katikati ya ua.

"Nilizini," akasema.

Atija alimshika mkono. Dalila akautoa.

"Nilizini na mtu wa Mocímboa. Mara nyingi. Nina kaswende, kambini waliiona. Mama, nimekosa. Nipelekeni nikapigwe sindano."

Alikuwa akisema na machozi yanachora mistari kwenye msiro, na ile rangi nyekundu inaanza kuonekana. Alimwambia Rachide jina la mtu huyo, jina ambalo alilitunga pale pale, hata mimi niliona. Alimwambia mwalimu kwamba yuko tayari kushika msahafu. Mwalimu akautazama mkeka. Dotora Deolinda alikuwa anauliza kwa Kireno kwa mtu wa chanjo kuna nini, hajaelewa.

Bi Awa akainuka. Akamwendea mkwewe, akamkumbatia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya harusi, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake.

"Usijisingizie, mwanangu," akasema. "Sote tumesikia. Wewe ni mwanamke safi."

Eda iliisha na neno halikutoka. Kwetu mwanamke aliyeachwa na doa hurudi kwao gizani, kwa mlango wa nyuma, na hakuna anayemsindikiza. Asiye na doa husindikizwa mchana. Dalila alisindikizwa mchana. Atija alimkogesha, akamsugulia msiro mzito, akampaka mwenyewe, na katika kazi hiyo yote yule mwenye mdomo wa wembe hakusema neno hata moja. Tukatoka wanawake wa mtaa mzima na vigelegele mpaka kwa mjomba wake, kwenye ile nyumba ya watu tisa, ambako Ossufo alikuwa amemjengea kibanda uani.

Bi Awa alikuja naye. Kwa kuwa dotora alisema jua halimfai, alimshikia mwavuli njia nzima, mkono umenyooka, yeye mwenyewe juani. Watu walimsifu. Tulipofika alimkabidhi kwa mjomba, akamtakia afya njema, akaukunja mwavuli wake, akarudi nao.